Mambo ya Nyumbani: Pasi ya Nywele na Moto Wake



Mwezi uliopita mama mmoja alikuja ofisini kwetu pamoja na binti yake kuandikisha matangazo ya ndoa. Kazi hiyo haichukui muda mrefu. Niliandika majina ya wachumba na ya wazazi, nikatazama cheti cha ubatizo, nikapiga muhuri. Nilidhani tumekwisha. Lakini mama hakuinuka. Alimtazama binti yake, na binti akatazama chini. Ndipo mama akatia mkono kikapuni akatoa kitu kilichofungwa katika kitenge.

"Mwanangu Karani," akasema, "wewe umesoma chuo. Hebu tutazamie hiki. Baba yake asema kitaunguza nyumba. Huyu naye asema bila hiki haingii kanisani. Mimi nimekuwa ngoma, napigwa huku na huku."

Nilifungua kitenge nikaona pasi ya nywele. Kwa ajili ya wale wasiopata kuiona, ni chombo chenye mikono miwili mfano wa koleo, na ndani ya kila mkono mna bamba bapa linalopata moto kwa umeme. Fungu la nywele huwekwa katikati, mabamba hufungwa, kisha pasi huteremshwa toka karibu na kichwa hata kwenye ncha. Nywele zilizoingia na mawimbi hutoka zimenyoka.

Binti huyu ni wa kwetu huku Mbulu. Mnajua kwamba huku wako wengi ambao nywele zao si za kipilipili, wala si za singa kabisa. Ni nzito, nyingi, na zina mawimbi. Mtu mwenye nywele za namna hii huambiwa na kila jirani kwamba apaswa kutumia moto mkali, kwa kuwa nywele zake ni ngumu. Neno hilo ndilo lililonifanya nikaandika makala ya juma hili, maana limewaharibia wengi, na mimi ni mmoja wao.

Kwanza niwaambie nilichokiona. Niliigeuza pasi ile nikasoma maandishi madogo yaliyo kwenye mkono wake. Yalisema volti 120. Basi, umeme wa kwetu Tanzania ni wa volti 230. Pasi ile ilitengenezwa kwa umeme wa namna ya Marekani, ikaja kwetu katika mitumba, na mama akainunua mnadani. Plagi yake ilikuwa na meno mawili bapa, isiyoingia katika tundu zetu, lakini muuzaji alikuwa amempa na kiungo kidogo cha kuiwezesha kuingia. Ndugu zangu, kiungo kile hubadili umbo la meno tu. Hakipunguzi nguvu ya umeme. Chombo cha moto cha volti 120 kikitiwa katika volti 230, moto wake hauongezeki mara mbili tu, bali hukaribia mara nne. Hapo ama chombo huungua, ama nywele huungua, ama vyote viwili.

"Ulitaka kuijaribu lini?" nikamwuliza binti.

"Leo jioni, dada," akajibu kwa sauti ndogo.

Kwa hiyo baba yake, ingawa hajui habari za volti, hakuwa amekosea sana.

Sasa nieleze yangu. Mwaka wangu wa mwisho katika chuo cha ualimu, asubuhi ya mahafali, niliazima pasi ya rafiki yangu. Nilikuwa nimeosha nywele alfajiri, nazo hazijakauka. Nilipandisha moto hata mwisho, kwa kuwa wote waliniambia nywele zangu ni nzito. Nilipobana fungu la kwanza nikasikia mlio kama wa maji juu ya kikaango. Nikadhani ndiyo kazi yake. Nilipovuta pasi, fungu zima, unene wa kidole, lilikuja pamoja nayo. Siku ile nilipokea cheti changu nimefunga kilemba. Picha iko nyumbani kwa mama yangu mpaka leo, na kila mgeni huuliza kwa nini nilinuna.

Kosa halikuwa la pasi. Kosa lilikuwa kutokujua. Kwa hiyo natamani mjue.

Unywele umejengwa kwa kitu kiitwacho keratini, ambacho ndicho kilichojenga pia kucha zetu na kwato za ng'ombe. Ndani ya unywele mna nyuzi nyembamba sana zilizofungwa pamoja kwa vifungo vya namna mbili. Viko vifungo dhaifu, ambavyo maji na joto hulegeza. Na viko vifungo vyenye nguvu, ambavyo hulegezwa na dawa kali za saluni tu. Pasi hugusa vile dhaifu. Joto huvilegeza, pasi huunyosha unywele, na unywele unapopoa vifungo hushikamana tena katika umbo jipya. Ndiyo sababu nywele zilizopigwa pasi hurudia mawimbi zikipatwa na mvua, jasho, au ukungu wa asubuhi. Pasi haikuharibika, maji yamevifungua tena vifungo vile.

Basi, kama joto ndilo linalolegeza, mbona moto mkubwa usifanye kazi vizuri zaidi? Kwa sababu joto likizidi halilegezi tena vifungo, huiharibu keratini yenyewe. Kadiri moto unavyopanda ndivyo madhara yanavyoongezeka, na ukipita nyuzi 200 za Sentigredi unywele huharibika upesi sana. Tena, kama unywele una maji, yale maji huchemka yangali ndani yake, mvuke hutafuta njia ya kutoka, na unywele hufanya mapovu na kukatika. Mlio ule niliousikia chuoni ndio huo.

Nanyi mkumbuke neno hili: unywele ulioungua haupati kupona. Ngozi ikichubuka hupona, kwa kuwa ina uhai. Unywele uliokwisha kutoka kichwani hauna uhai, hivyo hakuna mafuta wala mti wa porini wa kuufufua. Dawa yake ni kukata na kungoja. Nazo nywele hukua kiasi cha sentimeta moja kwa mwezi, au zaidi kidogo. Ukipoteza urefu wa sentimeta 20, hesabu karibu mwaka na nusu. Na harusi ilikuwa imebakiza majuma manne.

Sasa tuseme habari ya kuchagua. Ukiwa mnadani au dukani, usiangalie rangi wala sanduku. Angalia mambo haya.

La kwanza, soma volti. Tafuta maandishi ya volti 220 hadi 240, au 100 hadi 240. Hii ya pili hutumika kwetu na Marekani pia. Ikiwa ni 110 au 120 peke yake, rudisha mezani, hata ukipewa kwa nusu ya bei.

La pili, tafuta pasi yenye kuonyesha nyuzi za joto kwa tarakimu, na yenye kitufe cha kupandisha na kushusha. Zile zenye taa nyekundu tu na swichi moja hazikuambii zina moto kiasi gani. Wasusi wa Ufaransa wa zamani, katika miaka ya 1870 pale Paris, walipasha koleo zao juu ya moto, kisha wakazijaribu kwa karatasi kabla ya kugusa kichwa cha mtu. Na ajabu ni kwamba koleo zile zilikuwa za kutia mawimbi katika nywele zilizonyoka! Wenzetu waliyatafuta kwa moto yale ambayo sisi twayaondoa kwa moto. Lakini hata wao walijua kuujaribu moto kwanza. Sisi tuna tarakimu, basi tuzitumie. Angalieni tu kama tarakimu ni za Sentigredi au za Farenhaiti. Nyuzi 180 za Sentigredi ni karibu 356 za Farenhaiti. Mtu akiona 356 akadhani ni Sentigredi atashtuka bure. Lakini mwenye pasi ya Farenhaiti akipandisha hata 450, amefika Sentigredi 232, naye anaunguza.

La tatu, pitisha kidole juu ya mabamba yakiwa baridi. Mabamba ya kauri huwa laini, na joto lake huenea sawasawa. Kuna pasi za bei ndogo zilizopakwa kauri juu juu tu; baada ya muda rangi hubanduka, na pale palipobanduka hunasa nywele na kuzikata. Yako pia mabamba ya titani, ambayo hupata moto upesi sana na kufika juu sana. Hayo yafaa fundi wa saluni mwenye mkono mwepesi. Kwa mtu wa nyumbani kauri yatosha.

La nne, funga pasi uiinue kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapita katikati ya mabamba, hayakutani vizuri, na utalazimika kurudia mara tatu mahali pa mara moja.

La tano, upana. Kwa nywele zisizopita mabega, bamba la sentimeta 2 na nusu lafaa, tena hufika karibu na kichwa bila kuunguza sikio. Kwa nywele nyingi na ndefu, tafuta sentimeta 4 hivi. Utamaliza kazi mapema na mkono hautachoka.

Haya, pasi imepatikana. Kabla ya kuichomeka, jiulize: nywele zangu ni nzito kwa namna gani? Hapa ndipo majirani hupotea. Kuna mtu ambaye kila unywele wake ni mnene. Kuna mwingine ambaye kila unywele ni mwembamba, ila zimeota nyingi na kusongamana. Wote wawili huitwa wenye nywele nzito, lakini si hali moja. Chukua unywele mmoja, uuviringishe kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukiusikia wazi kama uzi wa kushonea, ni mnene, nao wahitaji joto zaidi kidogo. Ukiwa huusikii, au wausikia kwa shida, ni mwembamba. Huo hauhitaji moto zaidi, wahitaji mafungu madogo zaidi.

Kisha fuata taratibu hii. Osha nywele siku iliyotangulia, zichane, uziache zikauke kabisa. Usishike kwa juu tu ukasema zimekauka. Gusa kisogoni karibu na ngozi, maana nywele nzito huficha maji pale. Usipake mafuta mengi. Mafuta mengi hupata moto, hutoa moshi, na huweza kuteremka yakaunguza ngozi ya kichwa. Yako mafuta ya kunyunyiza yaliyotengenezwa kukinga joto. Ukiyapata tumia kidogo, kisha yaache yakauke. Lakini msidanganyike: hupunguza madhara, hayayazuii yote.

Gawanya kichwa sehemu nne na kuzifunga. Anza kisogoni, kwa nywele za chini. Chukua fungu lisilozidi upana wa bamba, na unene wake usizidi nusu sentimeta. Weka joto nyuzi 150, ulijaribu fungu moja lililofichika. Likinyoka, usipande zaidi. Lisiponyoka, panda kwa nyuzi kumi kumi. Nywele nene nyingi hukubali kati ya 170 na 190. Usipite 200, hata shoga yako akikucheka.

Tanguliza chanuo, pasi ifuate nyuma yake. Teremka kwa mwendo mmoja bila kusimama, kwa maana pale unaposimama ndipo panapoungua. Mara moja yatosha. Mara mbili si vibaya. Mara ya tatu ni dalili kwamba fungu lako ni kubwa mno. Liache fungu lipoe kabla ya kulishika, kwa kuwa linapopoa ndipo linaposhika umbo. Ukisikia mlio wa maji au ukiona mvuke, simama. Ungoje zikauke.

Mwenye nywele zilizokwisha kuwekwa dawa ya saluni, awe na hadhari mara mbili. Dawa imekwisha kuvidhoofisha vile vifungo vyenye nguvu, na moto mkali juu yake hukata nywele. Na kwa watu wote, si kazi ya kila siku. Mara moja kwa juma ni mwisho; afadhali zaidi kwa sikukuu tu.

Neno kwa akina baba, ambao najua wanawaza habari ya LUKU. Pasi nyingi za nyumbani hula kiasi cha wati 45. Ikitumika saa nzima haimalizi hata sehemu ya ishirini ya yuniti moja. Birika la umeme hula zaidi kwa dakika chache. Lakini zile taa ndogo za jua haziwezi kuiwasha, basi msizijaribu mkaziharibu.

Hatari si katika yuniti, ni katika moto. Pasi ikichomolewa hubaki na moto dakika nyingi. Iweke juu ya sakafu ya saruji au jiwe, mbali na godoro, mbali na watoto, na waya usining'inie mahali ambapo mtoto aweza kuuvuta. Mtu asiishike kwa mikono yenye maji. Na ikiwa mtu ameungua, mimina maji safi ya baridi yanayotiririka juu ya jeraha dakika 20. Usipake dawa ya meno, wala samli, wala unga. Vitu hivyo hufungia joto ndani na kuchafua jeraha. Likiwa kubwa, au ni la mtoto mdogo, au liko usoni, mpeleke zahanati.

Sasa najua mwataka kusikia habari ya binti yetu.

Mama alirudi mnadani siku iliyofuata ya mnada. Muuzaji hakukubali kurudisha fedha, lakini mama huyo si mtu wa kuondoka mikono mitupu. Baada ya maneno mengi alibadilishiwa pasi nyingine kwa kuongeza kidogo. Wakaja nyumbani kwangu jioni. Nilisoma maandishi: volti 220 hadi 240. Mabamba ya kauri, sentimeta 4. Tarakimu toka 120 hadi 220. Binti aliviringisha unywele wake kati ya vidole, akacheka, akasema, "Dada, hii ni kamba ya mbuzi." Basi ni mnene kweli.

Tulianza kwa nyuzi 150. Fungu likatoka na mawimbi yake kama lilivyoingia. Kwa 170 likalegea. Kwa 180 likanyoka. Binti akataka kupanda hata 220 ili amalize upesi, mama akamshika mkono. Badala yake tuligawa mafungu madogo zaidi. Kazi ilitumia saa moja na robo. Hakuna unywele hata mmoja uliotoa mlio.

Baba yake alipokuja kuwachukua alisimama mlangoni, akauliza kwanza umeme umeliwa kiasi gani. Nikamwonyesha hesabu. Akanyamaza, akamtazama binti yake kwa muda. Kisha akasema, "Mimi nilidhani atakuwa mtu mwingine. Kumbe ni yeye yule."

Binti akaniuliza swali moja tu la mwisho. "Dada, na siku ya ndoa ikinyesha?"

"Zitarudi mawimbi," nikamjibu, "na utakuwa bibi arusi mwenye mawimbi. Bora mawimbi yako yapo, yatakungoja. Zilizoungua hazingoji mtu."

Akafikiri kidogo, akasema atachukua mwavuli.

Wasomaji wapenzi, asiyetaka kunyosha nywele zake asiinyoshe kwa kuwa jirani amenyosha. Nywele za mawimbi na za kipilipili hazina dosari ya kuondolewa. Lakini anayetaka, asikatazwe kwa hofu tu, wala asiachwe ajifunze kwa kuungua kama mimi. Asome maandishi, akaushe nywele, ashushe moto, apunguze fungu. Haraka haraka haina baraka, na kichwani mwa mtu mithali hiyo huonekana upesi kuliko mahali pengine.

Kwa herini mpaka juma lijalo. Ni mimi, Karani wenu.